Kifaranga Asiyeshtuka

Mzee mmoja anayefuga perege nje kidogo ya mji wa Morogoro alinionyesha jinsi anavyopima maji yake. Hana kifaa. Ana kofia. Alisimama ukingoni mwa bwawa la vifaranga, jua likiwa mgongoni, akaipitisha kofia taratibu juu ya maji mpaka kivuli chake kikawafunika wale samaki wadogo waliokuwa wakielea juu juu. Kufumba na kufumbua hapakuwa na hata mmoja. Maji yalibaki na viduara tu.

Tukasogea kwenye bwawa la pili. Hili lilikuwa limeingiwa na maji ya mvua kutoka bondeni siku tatu nyuma. Kofia ikapita, kivuli kikapita, na vifaranga wakabaki pale pale wakizungukazunguka. Akarudia. Wachache wakasogea kidogo, wengine wala.

"Wale wa kule ni wazima," akasema. "Hawa wapo tu, mwanangu. Hawajafa, ila wapo tu. Mdiria akiwagundua, wiki haiishi."

Nyuma yake kulikuwa na mifuko miwili ya chokaa aliyoinunua asubuhi ile.

Kofia si utafiti, na mzee mwenyewe hakudai hivyo. Maji ya bondeni huja na tope, huja na baridi, huja na mabaki ya majani yanayooza na kumaliza hewa, na yoyote kati ya hayo yanaweza kumzubaisha samaki mdogo. Lakini nimeikumbuka sana kofia ile kwa sababu ya swali inalouliza. Inauliza samaki anafanya nini. Vipimo vingi ambavyo nchi hutegemea kupanga viwango vya sumu kwenye maji huuliza jambo jingine: samaki amekufa au hajafa?

Kipimo chenyewe kinajulikana dunia nzima. Samaki huwekwa kwenye matangi yenye sumu ya viwango tofauti, huachwa kwa saa 96, kisha waliokufa huhesabiwa. Kiwango kinachoua nusu yao huingia kwenye majedwali, na kutoka hapo wataalamu hushuka chini kwa hesabu za tahadhari hadi wafike kwenye kiwango cha kuruhusiwa. Ni kipimo cha bei nafuu, kinarudiwa kwa urahisi, na maabara ya nchi moja inaweza kulinganisha majibu yake na ya nchi nyingine. Sikidharau. Ila kwa kipimo hicho, bwawa la pili la mzee halina tatizo lolote, kwa kuwa hakuna mzoga. Samaki mchanga aliyepoteza hofu hafii kwenye tangi. Anafia mdomoni mwa mwingine, mbali na mtu anayehesabu.

Ili kuelewa kinachopotea, tuanze na pua. Sisi tumezoea kumfikiria samaki kwa macho yake makubwa yasiyofumba, lakini mengi anayoyajua kuhusu dunia huyapata kwa kunusa. Maji humletea habari ya chakula, ya ndugu zake, ya adui aliye nyuma ya jiwe, hata ya mto aliozaliwa. Salmoni wa Amerika ya Kaskazini hukaa baharini miaka kadhaa kisha hurudi kutaga kwenye kijito kile kile walikoanguliwa. Arthur Hasler na wenzake wa Wisconsin walionyesha kwamba wanaongozwa na harufu waliyoikariri utotoni: waliwalea vifaranga kwenye maji yaliyotiwa kemikali moja isiyopatikana mitoni, na walipokua, samaki wale wakafuata kijito kilichotiwa kemikali hiyo hiyo.

Habari kubwa kuliko zote ni ya hatari. Mwaka 1938 Karl von Frisch, yule yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yake juu ya nyuki, aliandika kuhusu jambo aliloliona kwa samaki wadogo wa mtoni. Mmoja aliyejeruhiwa ngozi aliporudishwa kwenye kundi, wenzake walitawanyika kwa woga. Hakuwa amepiga kelele wala kukimbia. Ngozi iliyochanika ilikuwa imemwaga kitu ndani ya maji, na kitu hicho ndicho kilichowaambia wengine kwamba mwenzao ameumwa na adui yuko karibu. Tangu hapo hali hiyo imethibitishwa kwa samaki wa jamii nyingi. Samaki hachagui kutoa tahadhari hii. Inamtoka ngozi inapochanika. Na kwa kifaranga ambaye hajawahi kumwona adui hata mara moja, harufu hiyo ni somo lake la kwanza, na mara nyingi ni la bure, kwa maana aliyelipa ni mwenzake.

Sasa chukua shaba. Shaba ndiyo mfano ninaouamini kuliko yote katika mjadala huu wote, na nitakaa nao.

Neva za pua ya samaki ziko wazi majini. Neva nyingine za mwili zimefunikwa na ngozi, na nyama, na mfupa; hizi zinaoga kwenye maji yale yale yenye kila kilichosombwa na mvua. Shaba iliyoyeyuka ikizifikia, huzizima. Watafiti wa idara ya uvuvi ya serikali ya Marekani iliyoko Seattle, wakiwemo David Baldwin na Nathaniel Scholz, walichukua salmoni wachanga wa aina ya koho, wakawaweka kwenye maji yenye shaba kwa saa chache tu, kisha wakapima umeme unaotoka kwenye neva za pua wanapopitishiwa harufu. Kiasi cha mikrogramu 2 hadi 20 kwa lita kilitosha kupunguza nguvu ya neva hizo, na kadiri shaba ilivyoongezeka ndivyo pua ilivyozidi kunyamaza.

Mikrogramu 20 kwa lita ni kiasi gani? Chukua gramu 1 ya shaba, igawe kwenye maboza matano ya maji, kila moja la lita 10,000. Maji hayo ni meupe, hayana ladha, na binadamu anayanywa bila shida: kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakishauri kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita, yaani mara 100 zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mtoni, akajaza glasi, akanywa, akasema kwa dhati kabisa kwamba maji ni safi, na wakati huo huo samaki wadogo walio miguuni pake wamezibwa pua.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi. Neva kulegea ni jambo moja, kuliwa ni jambo jingine. Mwaka 2012 Jenifer McIntyre na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mvuvi anaweza kulifuatilia. Koho wachanga waliwekwa kwenye tangi pamoja na adui yao wa asili, aina ya trauti anayewala huko mitoni. Ndani ya maji ikamiminwa harufu ya ngozi iliyojeruhiwa. Koho waliotoka kwenye maji safi walifanya kile walichozaliwa nacho: walitulia. Walishuka, wakaacha kutikisika, wakawa kama kijiti. Trauti huwinda kwa macho, na kitu kisichosogea ni vigumu kukiona. Koho waliokaa saa tatu kwenye maji yenye shaba, kuanzia mikrogramu 5 kwa lita, waliendelea kuogelea huku na huko kana kwamba hakuna lililosemwa. Trauti aliwaona mapema, akawashambulia mapema, na wengi wao hawakupona.

Kati ya samaki hao wote hakuna aliyeuliwa na shaba yenyewe. Ukiwaweka kwenye kile kipimo cha saa 96 bila adui, watahesabiwa wazima.

Shaba hiyo inatoka wapi? Kwenye mito ya mijini, sehemu kubwa inatoka kwenye breki. Pedi za breki za magari zilitiwa shaba kwa miaka mingi kwa sababu inahimili joto, na kila dereva anapokanyaga, unga mwembamba hubaki barabarani ukingojea mvua. Jimbo la Washington na jimbo la California yalipitisha sheria mwaka 2010: shaba kwenye pedi isizidi asilimia 5 ifikapo 2021, kisha isizidi asilimia 0.5 ifikapo 2025. Mwaka 2015 serikali kuu ya Marekani na watengenezaji wa breki walikubaliana kufuata mpango huo nchi nzima. Kipimo cha tabia ya samaki mchanga mwenye urefu wa kidole kilikuwa sehemu ya hoja iliyobadilisha kiwanda cha magari. Nakitaja kisa hiki kila ninapoambiwa kwamba tabia ya samaki ni anasa ya wasomi.

Na shaba haiji kwa breki peke yake. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, tunaujua: wafugaji wa samaki huutia bwawani kuua mwani na vimelea. Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro wamepulizia dawa za shaba dhidi ya chulebuni na kutu ya majani kwa miongo mingi, na shaba haiozi; inakaa kwenye udongo, na udongo wa mteremko hushuka na mvua. Simwambii mkulima aache dawa ambayo bila hiyo hana kahawa. Nasema kijito kilicho chini ya shamba lake kinastahili kuangaliwa kwa jicho la kofia pia, si kwa kuhesabu mizoga tu.

Kuna jambo la kumtetea mto. Maji ya rangi ya chai, yale yenye majani na udongo wa msituni yaliyoyeyuka, hukamata sehemu kubwa ya shaba na kuizuia isifike puani. Ndiyo maana kiasi kile kile cha shaba kinaweza kuwa balaa kwenye mfereji wa sementi na kisiwe balaa kwenye kijito chenye kivuli cha miti. Upande wa pili kuna asidi: maji yakichachuka, metali hulegea kutoka kwenye udongo na mchanga, na sehemu kubwa zaidi huelea ikiwa huru. Mtu anayepima asidi peke yake, au shaba peke yake, amepima nusu ya jambo.

Hapo tunafika kwenye asidi yenyewe, na ni lazima nitenganishe maji baridi na bahari, kwa sababu habari hizi mbili zimechanganywa sana.

Maji baridi kwanza. Kusini mwa Norwei mito ilipoteza salmoni wake katika karne ya 20 kwa sababu ya moshi. Salfa kutoka mitambo ya makaa ya mawe ya Uingereza na bara la Ulaya ilibebwa na upepo, ikanyesha kama mvua ya asidi juu ya miamba isiyo na chokaa ya kuituliza. Asidi ikang'oa alumini kwenye udongo, alumini ikaganda kwenye matamvua ya samaki, na walioumia zaidi walikuwa wachanga waliokuwa wakijiandaa kwenda baharini, kwa kuwa hapo ndipo mwili wao unapojipanga upya ili uweze kuishi kwenye chumvi. Nchi za Ulaya zilitia saini mkataba wa kupunguza uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka huko Geneva mwaka 1979. Norwei nayo ikaanza kutia unga wa chokaa mitoni, kwa mitambo inayomwaga usiku na mchana. Mto Mandal ulianza kutiwa mwaka 1997, na salmoni wamerudi. Ni ile ile dawa ya mzee wa Morogoro, ila yeye alikuwa na mifuko miwili.

Lakini kabla maji hayajafika kwenye asidi ya kuua, kuna ngazi ya katikati ambayo haionekani. Antoine Leduc, Grant Brown na wenzao walifanya kazi kwenye vijito vya mashariki mwa Kanada, eneo jingine lililopigwa na mvua ya asidi. Walimimina harufu ya ngozi iliyojeruhiwa karibu na salmoni wachanga walio porini. Kwenye vijito visivyo na asidi, wadogo hao walikimbia au walitulia. Kwenye vijito vyenye pH ya karibu na 6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, asidi imezidi), hawakufanya kitu. pH ya 6 haimuui salmoni mchanga. Hata washauri wa ufugaji wanaotuambia tuweke bwawa kati ya 6.5 na 9 hawasemi kwamba kwa 6 samaki watageuka matumbo juu. Kilichoharibika hapo, kwa sehemu kubwa, hakikuwa pua. Ni barua yenyewe: asidi huigeuza molekuli ya tahadhari mpaka haisomeki tena. Pua nzima, akili nzima, na habari imefika ikiwa imefutika.

Sasa bahari, na hapa nina deni la kulipa kwa wasomaji wangu.

Bahari inameza sehemu ya hewa ukaa tunayoitoa, na hewa hiyo ikiyeyuka hufanya asidi. Tangu viwanda vianze, pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hupanda kwa kuzidisha, na tofauti hiyo ni ongezeko la asidi la kama robo hadi theluthi. Moshi ukiendelea bila kizuizi, karne hii inaweza kuisha bahari ikiwa karibu na 7.8. Hilo halina ubishi, wala hasara yake kwa matumbawe na viumbe wenye magamba ya chokaa.

Mwaka 2009 na 2010 zikatoka makala kutoka kwa watafiti waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha James Cook huko Australia, zikihusu yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe anayeishi ndani ya anemoni, kiumbe wa baharini anayefanana na ua. Ndugu zake tunao huku kwetu, kwenye matumbawe ya Mafia na Unguja. Zilisema vifaranga vilivyolelewa kwenye maji ya pH 7.8 vilivurugika akili ya kunusa. Badala ya kuikimbia harufu ya adui, viliifuata. Si kidogo: kwenye maji ya kawaida karibu wote waliikwepa harufu hiyo, kwenye maji ya asidi karibu wote waliifuata. Mwaka 2012 ikaja hata maelezo ya kinachotokea ndani ya ubongo. Dunia nzima ikazungumza, nami nikazungumza. Nilisimulia habari ile kwenye semina na kwenye makala, kwa sababu ilikuwa na kila kitu ninachokitafuta: samaki mzuri, kosa la binadamu, na mwisho wa kutisha.

Januari 2020 Timothy Clark, Fredrik Jutfelt na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kazi ya miaka mitatu. Walichukua samaki zaidi ya 900 wa matumbawe, wa spishi sita, wachanga kwa wakubwa, wakarudia majaribio na kuyarekodi kwa video. Athari ile kubwa haikuonekana. Asidi ya kiwango cha mwisho wa karne haikubadilisha jinsi samaki hao walivyoikwepa harufu ya adui kwa namna ya kutajika. Watafiti wa mwanzo walijibu kwamba mbinu zilitofautiana. Kisha mwaka 2022 Jeff Clements na wenzake wakakusanya tafiti 91 na kuzipanga kwa mwaka, na picha ikawa wazi: athari zilizoripotiwa zilikuwa kubwa mno mwanzoni, zikapungua mwaka hadi mwaka, hadi zikakaribia sifuri. Zile kubwa zilitokana zaidi na majaribio ya samaki wachache, na ndizo zilizopata nafasi kwenye majarida makubwa. Mwaka huo huo jarida la Science liliifuta makala ya 2014 ya Danielle Dixson, mmoja wa waandishi wa zile tafiti za mwanzo, baada ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Delaware kumkuta na hatia ya ukiukaji wa maadili ya utafiti. Yeye amekana. Makala iliyofutwa haikuhusu asidi bali jinsi samaki na matumbawe wachanga wanavyochagua mahali pa kukaa kwa harufu, na ni haki jambo hilo lisemwe.

Haikuwa mara ya kwanza kwa samaki wachanga. Mwaka 2016 Science ilichapisha makala ya watafiti wa Uppsala, Sweden, iliyodai kwamba vifaranga wa samaki wa Bahari ya Baltiki wanachagua kula chembe za plastiki kuliko chakula chao, na kwamba waliozila hawamkimbii adui. Ilifutwa mwaka 2017. Wenzao waliokuwa kwenye kituo hicho hicho waliona kwamba majaribio yaliyoelezwa hayangeweza kuwa yamefanyika jinsi yalivyoandikwa, na uchunguzi ukawaunga mkono.

Najua kuna wenzangu wanaoona kwamba kuyaanika haya ni kumpa adui rungu: wale wasiotaka kusikia habari ya tabianchi watasema, mnaona, wanasayansi wanatunga. Nimeipima hoja hiyo na siikubali. Kwanza, uchachu wa bahari ni kipimo cha kemia, hakikutegemea samaki yeyote kuthibitika. Pili, waliofichua ni wanasayansi, kwa kazi ya miaka na kwa gharama ya urafiki wao kazini. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, madai makubwa yasiyosimama yalizifunika tafiti ndogo zinazosimama. Muulize mwanafunzi wa chuo habari ya samaki na asidi, atakutajia yule wa rangi ya chungwa. Shaba na koho hajawahi kuzisikia. Vijito vya Kanada hajawahi kuvisikia. Tumetumia zaidi ya miaka kumi kuogopa kitu ambacho samaki wa matumbawe anaonekana kukihimili, na katika miaka hiyo hiyo unga wa breki umeendelea kushuka mitoni.

Na si lazima twende mbali kuona maji yanavyoweza kuharibu mawasiliano ya samaki bila kuua. Ghuba ya Mwanza ina furu wawili ambao wataalamu wamewapa majina ya kwetu, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Dume la kwanza ni la buluu, la pili ni jekundu. Majike huchagua kwa rangi. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, wekundu na buluu wanabaki jamii mbili. Ukiingia ndani ya ghuba, hadi Luanso ambako maji ni tope, mwanga hautoshi kutofautisha rangi, na jamii mbili zimekuwa mchanganyiko mmoja. Ole Seehausen na wenzake walionya kuhusu hilo tangu mwaka 1997: mbolea, majitaka na udongo unaosombwa vinaweza kumaliza spishi bila kuua samaki hata mmoja, kwa kulizuia jike lisione linayemchagua. Hao si vifaranga, na hapo ni macho badala ya pua, lakini kisa ni kile kile.

Sasa turudi mjini. Mto Msimbazi unashuka kutoka upande wa Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, unamwaga baharini karibu na Daraja la Salender. Njia nzima hiyo ni barabara, gereji, viwanda na foleni. Foleni ni breki. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha baada ya miezi ya ukame, vumbi lote la barabara linaoshwa kwa siku moja, na linaishia kwenye mikoko ya mdomoni mwa mto. Mikoko ni mahali ambapo samaki wengi wa pwani hupitisha utoto wao, wamejificha katikati ya mizizi, wakitegemea pua na macho kujua nani ni jirani na nani ni adui. Asubuhi ya siku hiyo hutaona samaki hata mmoja anayeelea tumbo juu.

Ninachopendekeza kinafanyika kwa fedha kidogo. Bodi za maji za mabonde tayari zinachukua sampuli za mito. Waongeze tangi la kioo, vifaranga ishirini wa perege kutoka kwa mfugaji wa jirani, maji ya mto upande mmoja na maji ya kisima upande mwingine, ngozi kidogo ya samaki iliyosagwa, na simu yenye kamera. Unahesabu sekunde walizotulia baada ya harufu kumiminwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili analiweza. Wafanye mwanzo wa mvua, si Agosti wakati mto umetulia. Na Shirika la Viwango lidai kiasi cha shaba kiandikwe kwenye paketi za pedi za breki zinazopita bandarini, kwa kuwa wenzetu waliozipunguza wameshatuonyesha kwamba breki bila shaba inasimamisha gari vile vile.

Sharti langu ni moja, na nimelipata kwenye aibu ya miaka ile ya samaki wa rangi ya chungwa. Anayehesabu asijue tangi lipi ni la mto na lipi ni la kisima. Na video zote zihifadhiwe mahali ambapo yeyote anaweza kuzifungua, zikiwemo zile ambazo vifaranga wa maji ya mto walitulia sawasawa na wale wa kisima.